Maziwa Niliyoyaacha

Mpendwa dada,

Nakusihi, barua hii usimsomee mtu yeyote, hata shemeji. Ukimaliza itie motoni. Hapa hospitalini niliapa kutotoa nje maneno ya wagonjwa, na sasa nayatoa. Lakini nikinyamaza, sijui nitakuwa nimemlinda nani.

Tangu nitoke kwako Keringet sina utulivu. Ulikuwa unaanika pareto, ukashika ubavu chini ya titi, nikakuuliza. Ukacheka. "Wee karani, umekuwa daktari lini? Ni maziwa tu. Mtoto aliacha kunyonya ghafla, yakaganda." Ukaniapisha nisiseme.

Unakumbuka mama naye alisema hivyo hivyo? Tulitumwa mtoni kuchuma majani ya mbarika, nyanya akayapasha moto na kumbandika kwenye titi. Wanawake wakanitazama: "Ndiye huyu aliyekataa titi la mama yake." Nikaamini. Mama alipozikwa ulinikuta nyuma ya ghala nikinywa kibuyu kizima cha maziwa ya mbuzi huku nikitapika. Ukanifuta mdomo kwa leso yako. "Kunywa hakutamrudisha. Si wewe uliyemuua." Nilikuamini wewe kuliko wao. Mbona leo unasema kama wao?

Kazi yangu ni kuandika majina na kumtafsiria daktari. Juzi alisema alipofika nchi hii hakuwaona kina mama wenye uvimbe huu wa titi. Sasa wanaletwa, na wengi wanakufa. Dresa wetu, yule mfunga vidonda, akamjibu, "Bwana, zamani walikuwa wanafia nyumbani. Ungewaonaje?" Wakabishana, mimi katikati nikitafsiri, hata sikujua tena nilikuwa nasema maneno ya nani. Mama yake nyanya tuliambiwa alirogwa. Mama mdogo, jipu. Mama yetu, maziwa. Je, huu ni ugonjwa mpya unaozidi kuua, au ni ule ule tuliokuwa tukiupa majina mengine? Nawaza, nachanganyikiwa, naanza upya.

Mama mmoja alikuja uvimbe wake ukiwa mdogo, akapasuliwa, na amerudi shambani kwake. Wapo waliokuja na kidonda tayari. Hao sikuwa na mengi ya kuwatafsiria. Kisu nakiogopa hata mimi, sikufichi, na sijui kama kitakuponya. Lakini mwanao ameanza kuelewa watu wanavyosema. Usimwachie maziwa yale, dada. Mimi ninayo mpaka leo.

Ukiomba ruhusa ya kusafiri, mwambie bwana mwenye shamba ni jino. Panda lori la pareto linaloshuka Nakuru. Usiniandikie, kwa sababu barua zote zinazoingia hapa hufunguliwa na karani mkuu. Njoo asubuhi kwenye dirisha la Waafrika, umtafute aliyevaa sweta ya kijani uliyomfumia. Ugonjwa usiutaje. Askari wa langoni akikuuliza, sema umemletea ndugu yako maziwa. Nitaweka kalamu chini, nitatoka.

Ni mimi, mdogo wako