Mwanangu Anayegonga Mirihi

Mwanangu Skolastika,

Baridi ya Ufipa asubuhi hii imenikamata vidole. Nimeota jua ukutani mpaka vikakunjuka, ndipo nikashika kalamu. Leo nataka kujisifu, na ninayejisifia ni wewe.

Unakumbuka mapipa yangu ya kimpumu? Ulikuwa hujaanza hata shule. Unaegemeza sikio kwenye pipa la pombe, unagonga kwa kidole kuanzia juu, unashuka taratibu. Mlio ukibadilika unasema, "Mama, inaanzia hapa." Nafunua, naikuta hapo hapo. Nilidhani ni mchezo tu.

Kisha ikaja harusi ya baba yako mdogo. Kila mwanamke wa ukoo alileta pipa lake, na shangazi yako akaapa kwamba la kwake limejaa mpaka mdomoni. Wewe ukaenda kuligonga mbele ya wakwe. "Shangazi, hili ni nusu!" Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi hakutusalimia mpaka Pasaka. Lakini moyoni nilicheka, nikajua huyu mtoto hataishia kilabuni kwangu.

Ulipokuja likizo kutoka ng'ambo tulikaa jikoni ukanieleza kazi yako, huku ukipepeta ulezi. Ulisema mnatafuta maji kwenye sayari ya Mirihi kwa kutumia rada. Chombo chenu kinaizunguka sayari, kinatuma mawimbi ya redio. Mengine yanagusa ardhi na kurudi, mengine yanazama chini sana, na yakikuta barafu au maji nayo yanarudi. Ninyi mnapima tofauti.

"Yaani mnagonga pipa," nikasema.

Ulicheka mpaka machozi. "Ndiyo, mama. Ila hili hatuwezi kulifunua."

Halafu juzi juzi ukapiga simu, na sauti haikuwa yako. Antena za rada, ndefu kuliko nyumba yetu, zilisafiri zikiwa zimekunjwa, na sasa moja ilikuwa imegoma kunyooka kwenye kiungo kwa sababu ya baridi. "Mama, isiponyooka, kazi yangu yote ya miaka hii imekwenda bure. Tumekigeuza chombo ili ipate jua." Simu ikakatika.

Mambo ya rada siyajui, lakini hilo la jua nililielewa haraka kuliko mtu yeyote. Nilikwenda misa nikamwomba Mungu akiangazie kiungo kile kama anavyoviangazia vidole vyangu. Shangazi yako, yule yule wa pipa nusu, akaja kukaa nami. Tuliketi nje ya duka la Majengo ninapochajia simu, pale ukuta ulipopakwa rangi ya kampuni ya simu, tukaikodolea macho simu yangu kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Ujumbe wako ukaingia: "Mama, imenyooka."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka nje kuuliza nani kaolewa. "Haolewi mtu!" akawaambia. "Mtoto wetu anagonga Mirihi!" Siku hizi ndiye anayekutangaza kuliko mimi niliyekuzaa.

Kuna mteja wangu mmoja aliniuliza mnatafutia nini maji huko wakati mabomba ya hapa yanakohoa upepo. Nilimwambia amalize kwanza anachokunywa ndipo aulize. Lakini na wewe ukija, swali lake mjibu.

Najivunia, mwanangu, na sioni haya kusema. Siku ulipopanda basi kuondoka nililia kwa sababu sikujua unakokwenda kuna nini cha kwako. Sasa najua. Umekwenda na kidole chako na sikio lako vile vile, na wamekupa pipa la ukubwa wako.

Basi gongeni, msikilize vizuri. Mkiyapata maji, redio isiniambie kabla yako. Nipigie wewe mwenyewe. Simu nimeifunga kwenye pindo la kanga, haibanduki. Wala usinieleze mengi. Sema tu kama zamani, "Mama, yanaanzia hapa."

Ni mimi,
Mama yako wa mapipa