Bi Zuhura, Fomu Ile Niliijaza Mimi

Bi Zuhura,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijazoea kuanza maneno nawe bila hiyo. Umepita mwaka na ushei tangu tukuzike Timbwani, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Wenzetu kazini walikuandikia mapema, kwenye daftari la rambirambi lililowekwa mlangoni mwa maktaba. Waliandika kwamba ulikuwa mama wa wote, kwamba pengo lako halizibiki. Nami niliandika hayohayo, nikatia sahihi. Sikulia siku ile. Hata leo sikuja kulia.

Nimekuja kukwambia jambo moja, na nalisema sasa hivi kabla sijapata mwanya wa kulizungukazunguka. Fomu iliyokuondoa kwenye meza ya maswali niliijaza mimi. Hakuijaza Bwana Charo, mkuu wetu wa maktaba, ambaye jamaa zako wote wanaapa ndiye. Ni mimi Kadzo, uliyenipokea na shahada yangu ya chuo kikuu mkononi, nisijue hata kumkalisha mwanafunzi kitako.

Unaikumbuka ile warsha ya siku tano kule Kisauni? Ilikuwa yako. Ulisema nafasi wapewe vijana, nikaenda mimi. Tulifundishwa namna ya kupima huduma za maktaba, tukala vizuri, tukapigwa picha, nikarudi na bahasha ya fomu. Kila mfanyakazi apimwe na mwenzake bila kujua, kisha apewe mafunzo pale alipopungukiwa. Kwa maneno lilikuwa jambo zuri. Charo akazigawa zile fomu, na ya kwako akanipa mimi kwa sababu meza zetu zilitazamana.

Nilichagua Jumatano mchana. Nilijifanya napanga majarida. Akaja msichana wa mwaka wa kwanza, mwembamba, mkoba ameukumbatia kifuani, akauliza vitabu vya takwimu viko rafu gani. Mimi ningemjibu kwa pumzi moja: rafu ya tatu, upande wa dirisha. Wewe ukatoka nyuma ya meza, ukavuta kiti, ukakaa upande wake. Ukamuuliza kwao wapi. Ukamuuliza kama amekula. Ukamuuliza kazi aliyopewa na mwalimu wake ameielewaje. Tangu siku zangu za kwanza ulikuwa ukinifundisha kwamba swali la kwanza la mwanafunzi ni hodi tu, na mtu akipiga hodi humwonyeshi mlango, unamkaribisha ndani.

Ilipita robo saa ndipo yule msichana akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwalimu wake ameandika kwa wino mwekundu kwamba amenakili kazi ya watu, na akirudia atapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu. Naye hakujua kosa lake ni lipi. Shuleni kwao, anayeandika maneno ya kitabu vilevile yalivyo ndiye anayepigiwa makofi. Alikuwa ameshafunga virago arudi kwao Kinango, na hivyo vitabu vya takwimu aliviuliza kwa kukosa la kusema. Ukamkalia dakika arubaini nzima. Ukamfundisha kuandika kwa maneno yake mwenyewe na kumtaja mwenye maneno pale anapoyaazima. Aliinuka kichwa kikiwa juu, nami nilimwona.

Kisha nikajaza fomu. Mhudumu alijibu swali ndani ya dakika tatu? Hapana. Alimwelekeza mwanafunzi kwenye kompyuta? Hapana. Alijiepusha na mazungumzo yasiyohusu swali? Hapana. Hakuna nililosema uongo, na kwa miezi mingi nililalia hilo kama mto. Chini kabisa palikuwa na mistari mitatu ya maoni. Pale ningeweza kuandika habari ya ile karatasi iliyokunjwa, na mambo yote yangekuwa mengine. Niliandika maneno mawili: Anapoteza muda.

Utauliza kwa nini. Ni wivu, Bi Zuhura, wala sitautafutia jina zuri zaidi. Wanafunzi walikuwa wakija mbele yangu, mimi nimekaa bure na kompyuta yangu mpya, wananiambia kwa adabu kwamba wanamsubiri Bi Zuhura. Wanapanga foleni kwako na mimi nawatazama. Nilisoma miaka minne. Wewe ulianza kazi ile kwa kubandika lebo vitabuni. Na tuseme kweli, ulikuwa mkaidi. Nikikwambia ujifunze katalogi ya kompyuta unanijibu kuwa kompyuta haijui kama mtoto amelala na njaa. Wote waliokuwa karibu wanacheka, nami nabaki nimechekwa. Siku ya fomu nilikulipiza hayo yote kwa maneno mawili.

Barua ya Charo ilikuja baada ya wiki mbili. Uende chini kwenye stoo ya magazeti makuukuu na tasnifu zisizosomwa na mtu, ukae huko mpaka utakapohitimu mafunzo ya kompyuta. Na mwalimu wa mafunzo nilikuwa mimi. Hapo ndipo ningeweza kukuonea huruma na sikukuonea. Unaijua siku ninayoisema. Ulikuwa umekishika kipanya kwa mikono miwili, kishale kinakukimbia huku na huku kwenye skrini, na nyuma yako wamekaa vijana wa mafunzo ya kazini. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata watoto wa chekechea wanakiweza. Wakacheka. Nawe ukacheka pamoja nao, ukasema, "Nionyeshe tena, mwalimu. Kichwa changu kizito." Umri wa mama yangu, ukaniita mwalimu mbele ya watu, nami nikaitika.

Yule msichana wa Kinango alirudi wewe ukiwa stoo. Aliniuliza uko wapi, nikamwambia umehamishwa. Akasimama kidogo, akauliza vitabu vya utafiti viko rafu gani. Nilijua kabisa hiyo ni hodi. Ningeweza pia kumwambia ashuke ngazi tu, akukute. Nilimwonyesha kompyuta, nikambonyezea, nikampa namba ya kitabu kwenye kikaratasi, na zoezi zima halikufika dakika mbili. Akashukuru, akaenda zake, kitabu hakukichukua. Muhula uliofuata jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanafunzi. Nilimtafuta kwenye orodha hiyo mara tatu.

Wewe ulidumu stoo miezi mitano. Asubuhi moja ulikuwa ukipiga pasi buibui la kuendea kazini, ukaanguka palepale. Walisema ni presha. Alasiri ukazikwa, na chuo kikatoa basi la kuwaleta wafanyakazi. Mimi nilikaa kiti cha mbele.

Sasa nikupe habari za kazini, maana ndizo zinazokuhusu, na uzisikie vizuri. Miezi minne baada ya maziko yako tuliletewa mtaalamu kutoka Nairobi, na projekta, na maji ya chupa kwa kila mtu. Alikuja kutufundisha mbinu mpya kabisa ya kumsaidia mwanafunzi. Akasema: mhudumu aondoke nyuma ya meza. Akae upande wa mwanafunzi. Amsalimu, amuulize habari za masomo na za nyumbani kabla ya kugusa swali, kwa kuwa swali la kwanza mara nyingi silo. Asihesabu dakika. Watu waliandika kwa bidii kwenye madaftari. Nilitazama huku na huku nione kama kuna atakayekutaja. Charo aliinamia kalamu yake. Wengine walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Ulipofika wakati wa mazoezi nikaitwa mbele nionyeshe, nikavuta kiti vilevile ulivyokuwa ukikivuta wewe. Mtaalamu akawaambia wenzangu kwamba mimi nina kipaji cha kuzaliwa. Nikapewa cheti, na mwezi uliofuata nikafanywa mkuu wa huduma kwa wanafunzi. Wanakuja wengi siku hizi. Nawauliza kama wamekula.

Ningeweza kuishi hivyo, Bi Zuhura. Sikufichi. Ningezeeka nacho kile cheti ukutani. Lakini Mwanaisha, binti yako, alipokuwa akipanga nguo zako aliikuta ile barua ya Charo ndani ya mkoba wako, imeandikwa kwamba umeondolewa kufuatana na tathmini ya mwenzako. Mwenzako yupi, haikusema. Akaja chuoni kuuliza. Charo akamjibu kwamba fomu ya tathmini ni siri na yeye hawezi kumtaja aliyeijaza. Mtu yule ananiudhi kwa mengi, ila siku ile alikuwa anaitunza siri yangu kwa sababu kanuni za kazi zinamtaka aitunze. Mwanaisha alitoka akiwa na yakini kwamba ni Charo mwenyewe. Nilimsindikiza mpaka getini. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Dada Kadzo, wewe peke yako ndiye uliyempenda mama pale."

Mengine yakafuata. Watu wakaacha kumwitikia Charo salamu. Mama wa kantini akawa anamhudumia wa mwisho. Kisha ndugu zako wakakubaliana isomwe Halbadiri, aliyekudhulumu ajulikane popote alipo na dhuluma imrudie. Kaka yako mkubwa alikataa, akasema wewe mwenyewe hukupenda visomo vya kuwaapiza watu na wangekuombea rehema tu ingetosha. Hawakumsikia. Mwanaisha akanialika. Nilimwambia mimi Mkristo, nitaharibu shughuli ya watu. Akasema niende nikae karibu naye tu, nimshike mkono.

Nikaenda, Ijumaa, baada ya swala ya mchana. Wanaume wako sebuleni na maalim, sisi wanawake chumba cha ndani, ubani umetanda mpaka macho yanawasha. Walisoma majina ya watu wa Badri moja baada ya moja. Kisha maalim akaomba, kwa Kiswahili, ili wote tuelewe. Aliyemwonea marehemu kwa ulimi au kwa kalamu. Aliposema kalamu, Mwanaisha akanibana vidole. Watu wakaitikia amina. Niliitikia nao, kila mara, kwa sauti, maana nilikuwa naogopa kwamba nikinyamaza nitatazamwa.

Wiki mbili baadaye Bwana Charo aliteleza kwenye ngazi za maktaba. Zilikuwa zimetoka kupigwa deki, na hakuna zaidi ya hapo. Mguu ulivunjika pawili. Mwanaisha alipopata habari alipiga simu akilia kwa furaha, akaniambia imemshika. Mtaani kwenu Timbwani wanahadithiana hivyo. Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Port Reitz. Mkewe hakutaka kunifungulia, alidhani nimekuja kujionea na kwenda kusimulia. Charo amekonda. Aliniuliza kama huduma kwa wanafunzi inaendelea vizuri, basi, hakuuliza lingine. Nikamjibu inaendelea vizuri. Nilirudi kwangu Bofu nikiwa na hamu ya kupigwa na mtu.

Juzi Mwanaisha akanambia kwamba yeye hukuandikia barua, na kwamba zinampunguzia uzito. Akanishauri nami nikuandikie. Alisema atafurahi kuisoma ikiwa sitaona vibaya.

Basi nimeiandika. Sikuombi radhi, kwa kuwa wewe ungenipa mara moja na kuniwekea na chakula juu yake, nami sitaki kupona kirahisi namna hiyo. Nakuahidi mawili. Jumatatu nitakuwa kwa Charo, nimwambie mbele ya mkewe kwamba siri aliyonitunzia imekwisha na anitaje kwa yeyote atakayemuuliza. Halafu nitaiandikia idara barua yenye jina langu, nieleze ile Jumatano yote, pamoja na karatasi iliyokunjwa, iingie kwenye faili lako. Cheo wakikitaka wakichukue. Lala salama, Bi Zuhura. Sikukupenda vizuri.

Haya ya mwisho nayaandikia barazani kwenu Timbwani, nikimsubiri Mwanaisha atoke kuoga nimkabidhi. Shangazi ameniletea chai ya maziwa na mahamri, hajui kitu, ananihimiza nile.

Mwanaisha, kama umefika hapa, basi umeshajua ule mkono uliokuwa umeushika. Dua ile ilikuwa yangu mimi, na kila mara niliitikia. Sijaondoka. Niko hapa nje, na chai ya shangazi yako sijainywa. Toka.

Kadzo