Maji Juu ya Barafu

Nakuru,
27 Agosti 2007

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na kuku wako, na ule mguu unaokusumbua baridi ya Molo ikizidi. Mimi ni mzima, tena nimenenepa hadi Mugure fundi amekataa kunipanulia suruali mara ya tatu.

Barua ya dada Chepchirchir nimeipata. Anasema mmepanga kuchinja yule kondoo mweupe na kumwita pasta aje atoe shukrani, kwa kuwa mwanao ameokoa meli. Kabla kisu hakijanolewa, mwambie dada akusomee hii mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua. Tuko kwa Kirit, juu ya duka lake la vitambaa, tunapokea picha za setelaiti za bahari ya kaskazini kabisa, ambako maji huganda hadi mtu anatembea juu yake. Mimi wa kidato cha pili nachora mstari kwa kompyuta: hapa barafu, hapa maji wazi. Wenye meli huko wanafuata mstari huo. Ukweli usemwe, Nakuru nzima hakuna mkono kama wangu.

Unamjua pia Kipkemei, yule wa Elburgon mwenye digrii. Mwezi wa sita nilimwambia mwaka huu barafu itarudi nyuma kuliko miaka yote. Alinicheka mbele ya watu, akaniuliza kama hayo nilifundishwa na ng'ombe. Wiki mbili baadaye akayaandika kama yake, akatia sahihi, akafanywa supavaiza. Nilichekelea mizaha yake huku nikimngoja ateleze, kama paka kwenye shimo la panya.

Jumanne iliyopita akateleza. Picha ya asubuhi ilikuwa na doa jeusi, kubwa kama Molo yote. Akaandika ni maji wazi, meli ipite. Sasa mimi, mama, nilichunga ng'ombe za mjomba kule Elmenteita. Magadi ya ufuoni yakinyeshewa, maji hulala juu, na ukiwa kilimani unaapa ni ziwa, mpaka uone punda milia anakatiza katikati, kwato tu ndizo zimelowa. Barafu nayo ikiyeyuka hubeba vidimbwi hivyo hivyo. Chini bado ni barafu ngumu kama mwamba.

Saa kumi jioni nikasimama, nikamweleza Kirit habari ya punda ofisi nzima ikisikia. Akapiga simu. Akaambiwa meli imekwishabanwa, lakini wangesukuma mbele zaidi ingepasuka. Kipkemei alifungasha vitu vyake kwa katoni ya biskuti. Nilimshikia mlango, nikamwambia akawasalimie ng'ombe. Utamu wake ulikaa mdomoni siku nne.

Jana ikaja barua pepe ya shukrani kutoka melini. Wanasema meli iligonga barafu saa nane mchana, na mpishi wao akamwagikiwa na sufuria ya mchuzi. Mikono yote miwili imeungua.

Saa nane, mama. Na mimi lile doa nililiona saa tatu asubuhi, kabla Kipkemei hajatuma mstari wake. Nilijua ni vidimbwi. Nikashuka kunywa chai. Nilitaka kosa likomae kwanza, lionwe na kila mtu.

Kipkemei bado sijamhurumia, nisikudanganye. Lakini kondoo mwacheni ale nyasi. Na pasta akija, mwambieni aombee mikono ya mpishi; jina lake hawakuliandika.

Salimia jirani Truphosa, na mguu uukande kwa maji moto.

Ni mimi mwanao,
Kemboi