Nyumba Isiyo na Mpishi

Juba, Jumatano, mwezi wa sita, 2016. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika, ikarudi. Matope mpaka mlangoni. Nimeamka na hofu ileile niliyolala nayo.

Familia za wakubwa zimeanza kwenda likizo. Huku kwetu hiyo ndiyo taarifa ya habari. Redio inasema hali ni shwari, kisha unaona masanduku yakipakiwa kwenye magari yenye vioo vyeusi, na jioni hiyohiyo unga haupatikani sokoni.

Mudir, ndivyo tunavyomwita mkurugenzi wetu, aliniita Jumatatu. Anataka nyumba ya likizo kwa ajili ya mkewe na pacha wao, pwani ya Kenya, kijijini, mbali na hoteli na muziki. "Nataka mahali pa kimya," alisema. "Watoto walale." Kazi nilipewa mimi kwa sababu nilisoma sekondari Kenya, na katika ofisi yetu ya Hai Jalaba hakuna karani mwingine anayejua Kiswahili. Ndiyo maana naandika hapa kwa Kiswahili. Ofisini hakuna atakayesoma.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu.

Dada yangu Keji ndiye anayewalea wale pacha. Mke wa Mudir, Madam, alimwambia waziwazi: nyumba ya pwani ikiwa na watu wake wa kupika na kulea, Keji atabaki Juba kulinda nyumba yao. Ikiwa haina, atasafiri nao. Kwa ndege. Sisi wengine tuna barabara ya Nimule tu, ya kwenda mpaka wa Uganda, na anayepanda basi siku hizi huagwa kama maiti. Tunaishi mtaa wa Jebel, chini ya mlima. Mbele yetu kuna askari wa upande mmoja, nyuma ya mlima kuna askari wa upande wa pili, na katikati tupo sisi na majirani na mbuzi. Keji hulala na viatu.

Kwa hiyo nilichagua nyumba kwa ajili ya dada yangu.

Jenereta ilipowaka na mtandao ukaja, nilitazama picha za vitanda vyenye vyandarua vyeupe hadi macho yakauma. Sikujua kwamba nyumba nzuri za pwani huja na mpishi wake, kama zinavyokuja na paa. Mpishi, mtunza bustani, mama wa kufua. Kila nilipoona mtu wa aproni nyeupe akitabasamu kando ya samaki, niliufunga ukurasa. Kulikuwa na nyumba moja yenye baraza pana na kidimbwi cha watoto, pacha wangekipenda. Niliifuta. Nilibakiza kinyumba cheupe chenye jiko la gesi, basi. Katika maelezo niliandika kwamba faida yake kubwa ni faragha, hakuna mgeni atakayeingia jikoni mwenu. Hilo neno faragha nilikaa nalo asubuhi nzima.

Madam alikipenda kinyumba. Leo alikuja ofisini, akaketi karibu na Mudir, wakaniambia nimpigie simu mwenye funguo, na simu niiweke sauti ya juu ili wasikie.

Mwenye funguo ni Bi Mwanaidi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kama aliyekuwa akinisubiri tangu jana.

"Marahaba mwanangu! Nyumba ipo, imepigwa deki, maji tele. Mwatoka wapi?"

"Juba."

"Juba ndiko wapi, mwanangu?"

"Juu ya Uganda."

"Loo, mbali! Na watoto wapo?"

"Wawili. Pacha."

"Mashaallah! Na huyo mama yao, ana mtu wa kumshika mkono?"

Hapo nilikuwa tayari. Nilisema yupo, anakuja naye, msichana anayewajua watoto vizuri.

"La, mwanangu, ya nini kumtoa mtu wa watu huko mbali kote? Binti yangu Saumu yupo hapa, hana kazi. Atapika, atafua, hao pacha atawalea kama wanawe. Mwambie mama aje na mikono mitupu."

Alisema kwa wema mtupu. Ningependa kumchukia, nashindwa.

"Anasema nini?" Mudir aliuliza. Yeye alisomea Khartoum. Kiswahili kwake ni kelele tu.

Nilikuwa na jibu moja fupi: anasema karibuni. Lisingekuwa hata uongo kamili. Lakini nilimtazama Madam, na Madam alikuwa anatabasamu. Nikakumbuka kwamba aliishi Nairobi miaka mingi. Nikajua amesikia kila kitu na sasa ananipima. Nikaiona kazi yangu imekwisha, na ya Keji, na mlinzi akinitoa nje kwa kola.

Nikatafsiri. Yote. Hata ile ya mikono mitupu.

"Kwes! Vizuri!" Madam alipiga makofi. "Basi Keji atabaki, atalinda nyumba."

Mudir aliinuka akaniwekea mkono begani. "Wewe ni kijana mwaminifu," alisema. "Mwingine angeficha, ili amchomeke ndugu yake."

Nilisema asante. Nilisema asante mara mbili.

Nje nilimkuta Lado, dereva wao, amejikinga mvua chini ya bati. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya barabara, Madam alijifunzia wapi Kiswahili.

"Madam?" Alicheka mpaka akakohoa. "Madam hapana jua Swahili, ndugu yangu. Nairobi alikuwa anakaa na watu wake, Kiarabu na Kiingereza tu. Mimi iko naye miaka yote, hata 'simama' alikuwa anaambia watu wa huko na mkono, hivi!"

"Mbona alikuwa anatabasamu nilipoongea na mama wa pwani kwenye simu?"

"Labda huyo mama alitaja Mungu. Wakimtajia Mungu juu ya watoto, yeye anafurahi tu."

Mashaallah. Alitabasamia hilo, na mimi kwa tabasamu hilo nikamtoa dada yangu kwenye ndege.

Sikusema kweli kwa uaminifu. Niliisema kwa woga.

Nilirudi ndani, nikampigia tena Bi Mwanaidi, peke yangu, chooni. Nilitaka kumwomba aseme Saumu amepata kazi kwingine. Kitu kidogo, na yule mama angekubali hata bila kuuliza. Akapokea: "Haloo, mwanangu?" Nikasikia kuku nyuma yake, na mtoto, na kimya kikubwa cha mahali pasipo na jambo. Nikamuuliza kama kweli maji ni tele. Akasema tele. Nikakata.

Sasa nipo nyumbani, nyuma ya pazia, naandika kwenye simu. Keji hajui. Leo Madam alimpa ruhusa apumzike, naye hakuuliza kwa nini. Alikwenda sokoni Jebel kushonesha zipu ya begi. Sasa anakoroga asida, ugali wetu, nje kwenye mkaa na anaimba, jambo ambalo sijalisikia tangu Krismasi. Kila akinyamaza nasikiliza kama ni yeye tu aliyenyamaza, au mtaa mzima.

Kesho atasikia kwa Madam. Ni afadhali asikie kwangu, leo, kabla hatujala. Je, mtu aliyeshindwa kumwambia neno moja mwanamke asiyemjua, aliye mbali kiasi kile, ataweza kumwambia Keji aliyeko hatua chache?

Ameinua pazia sasa hivi, uso umejaa jasho la moto.

"Eti, hao watu wa bahari wana mwiko wa kukorogea asida, au nibebe wangu?"

Nimemwambia abebe.