Shafti ya Chuma cha Ndege

Jumatatu, 3 Juni
Nimekereza bushi za mikokoteni, vile vipete vya ndani ya magurudumu, tangu asubuhi. Kazi ya kuleta usingizi. Mashine ya kusaga ya mtaa bado imekufa. Shafti, mhimili unaoizungusha, imekatika tena. Tuliyoikereza ilikuwa ya chuma laini. Ya kuagiza nje haipatikani, fedha za kigeni hakuna. Kina mama Mtaa wa Sikukuu wamerudia vinu. Mikono ya mama imetoka malengelenge.

Jumanne, 4 Juni
Siwezi kutulia! Muuza vyuma chakavu ametushushia mguu wa ndege hapa karakanani kwetu, mtaa wa Gerezani. Ule unaobeba gurudumu. Wa ndege ndogo iliyokuwa ikinyunyizia dawa mashambani. Mzee Ngonyani, mhunzi wetu, alitaka kuukata afue patasi. Nikamzuia. Nikaugusisha kwenye jiwe la kunolea. Cheche chache, fupi, za rangi ya chungwa. Chuma cha patasi hurusha cheche nyeupe zinazopasuka kama fataki. Hii ni pua, chuma kigumu, iliyochanganywa na madini mengine, naapa. Chuoni tulifundishwa: kromi huipa ugumu, nikeli huifanya istahimili vishindo. Nilisoma tu, sijawahi kuishika. Ndege nzima hutua juu ya mguu huu! Mahindi yataufanya nini?

Jumatano, 5 Juni
Kikao cha ushirika wa mtaa, wenye mashine. Nimesimama, nikasema nitaitengeneza shafti. Wengine wamecheka. Mwenyekiti hakucheka.
“Halima, ikishindikana mashine inakwenda Buguruni. Wenzetu wa huko wanaitaka. Mwisho Jumamosi ya wiki ijayo.”
Nimeitikia.

Alhamisi, 6 Juni
Pua imevunja kisu cha mashine ya kukerezea. Imevunja na cha pili. Ngumu! Nimefurahi kama mwehu. Mzee Ngonyani ananishangaa.
“Mwanangu, kinakuvunjia vifaa nawe unacheka?”
Tumekata vipande viwili kwa msumeno wa mkono, kwa zamu. Kisha tumevipasha vikawa vyekundu, tukavifukia kwenye majivu vipoe polepole.

Jumamosi, 8 Juni
Vimelainika. Nimekereza shafti ya kwanza, inang'aa kama sarafu mpya. Mzee akaipasha iwe ngumu tena. Tukaizamisha majini, kama tunavyofanya patasi zote.
Tii!
Ufa, toka ncha hadi ncha. Nimelia njia nzima ya kurudi nyumbani, Mtaa wa Msimbazi wote.

Jumapili, 9 Juni
Nimepata! Nilikuwa nachambua mchele. Pua hii haihitaji kupozwa kwa ghafla. Michanganyiko yake inaiwezesha kuwa ngumu hata ikipoa taratibu. Maji yameishtua. Mafuta, yanayopoza polepole zaidi! Nimeacha ungo, nimekimbia hadi kwa Mzee Ngonyani. Shikamoo yenyewe nimeisema baada ya habari. Amenitazama, akavaa viatu.

Jumanne, 11 Juni
Gereji ya jirani imetugawia oili chafu, pipa nusu. Kipande kilichobaki ni kimoja. Nimekikereza huku nimebana pumzi. Mzee amekishusha kwenye oili. Moshi! Majirani wamekuja na ndoo za maji wakidhani tunaungua. Nikasubiri. Hakuna tii. Nimepitisha tupa: inateleza, haing'ati, shafti imekuwa ngumu. Nimepiga kelele. Tumeirudisha kwenye moto mdogo ili isivunjike kirahisi kama kioo. Mzee anacheza ngoma ya kwao Songea, peke yake, na koleo mkononi.

Jumatano, 12 Juni
Tumeifunga shafti kwenye mashine. Mwenyekiti mwenyewe amewasha mota. Imezunguka! Mama amemimina debe la kwanza. Unga! Unga wa moto, mweupe, mpaka kwenye nyusi zangu. Vigelegele. Mwenyekiti kanipa mkono, hakuachia. Buguruni watafute nyingine.

Jumapili, 23 Juni
Karakana imefungwa. Nimefua, nimesukwa nywele. Jioni, nikienda kwa shangazi, nimepita kwenye mashine. Foleni ya madebe na vikapu. Wanazungumzia bei ya samaki. Bila ovaroli na masizi, hakuna aliyenitambua. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa ukitetemeka taratibu, sawasawa, bila kugonga. Nikaenda zangu.