Pua Yangu na Magunia Sita ya Mama Upendo

Jumatatu, 3 Juni

Magunia arobaini kabla ya saa sita. Hapa mashineni Rujewa mnunuzi hafungi gunia kabla hajaniletea mchele kiganjani. Naunusa, nasema: huu mpya, huu wa mwaka jana, huu ulinyeshewa. Miaka kumi na nane. Kuna siku nilinusa lori likiwa bado Igawa. Nikasema unakuja mchele supa wa Madibira na dereva amekula kitunguu. Lilipofika, hivyohivyo. Wanaobisha hawakuwepo.

Chafya leo nimehesabu mpaka thelathini, nikaacha. Vumbi la pumba. Macho yanawasha, pua inatiririka kama bomba.

Alhamisi, 6 Juni

Sisikii harufu. Naandika hapa tu. Mke wangu kasahau maharage jikoni yakaungua, mimi nimekaa palepale, sina habari. Kanitazama sana. Nikasema nilikuwa nawaza.

Nimevuta ugoro ili pua ifunguke. Chafya kumi na moja mfululizo, bati la jirani likatikisika. Haikufunguka.

Jumamosi, 8 Juni

Nimedanganya. Mama Upendo anauza mchele sokoni Iringa, hanunui bila mimi. Kaleta kiganja. Nikafumba macho kama kawaida. Hakuna kitu. Hata ungekuwa mchanga nisingejua. Nikasema, "Mpya huo mama, funga." Akafunga magunia sita.



Jumapili, 9 Juni

Nimepiga chafya kanisani mpaka mchungaji akasimamisha mahubiri. Tumaini, mtoto wa dada yangu, anasomea udaktari Iringa, yuko likizo. Kanikalisha nje. Anasema si mafua, ni aleji. Mwilini kuna askari, na wanatumiana ujumbe. Ujumbe wenyewe unaitwa saitokaini. Vumbi la pumba likiingia, mmoja anatangaza adui kaja, wengine wanaitana, wanamwaga kitu kinaitwa histamini, ndiyo maji na chafya. Ujumbe usipokoma, pua inavimba ndani, harufu haifiki. Na adui mwenyewe hayupo.

Nikamwambia askari wangu lazima ni wengi kuliko wa watu wengine.

"Ndiyo shida yenyewe, mjomba."

Kesho ananipeleka zahanati.

Alhamisi, 13 Juni

Dawa ya kupulizia puani niliyopewa zahanati nimeiacha jana. Siku mbili, haiumi, haichomi. Dawa gani hiyo. Nikarudia ugoro. Tumaini kaukuta mfukoni, kautupa chooni. "Mjomba, dawa ya zahanati inatuliza ule ujumbe polepole. Ni kila siku, wiki kadhaa. Wewe unawachokoza askari halafu unalalamika vita."

Nikachukua dawa, nikapuliza.

Jumamosi, 15 Juni

Mama Upendo kapiga simu. Mchele umevunda. Mteja kamrudishia wali na sufuria yake, mbele ya watu. Kaniuliza taratibu, "Kaka, uliunusa kweli?"

Nikasema labda ulipata unyevu njiani. Uongo wa pili. Najisikia vibaya. Nikisema ukweli, nani ataniletea kiganja tena?

Jumanne, 18 Juni

Nimepanda basi mpaka Iringa. Nimemkuta sokoni, magunia sita kayasukuma pembeni, hana wateja. Nikamwambia pua imekufa tangu mwanzo wa mwezi, na nilijua. Majirani zake wanasikia.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Kasema: "Ungesema tu sisikii, ningenusa mwenyewe."

Nimezunguka naye kwa wafugaji wa kuku, tukiyauza magunia kama chakula cha kuku, mpaka yakaisha yote.

Jumanne, 2 Julai

Barakoa nimevaa. Dawa kila asubuhi. Chafya nne. Harufu bado. Mashineni nimewaambia wote. Wawili wamecheka, mmoja kapeleka mchele wake kwingine.

Mchana kaja Mama Upendo. Kaweka mchele kiganjani, safari hii kauweka puani pake. Kavuta mara mbili.

"Mpya," kasema.

Nikachukua sindano, nikashona gunia.