Tumevuka na Pikipiki, Lakini Mume Wangu Hataki Kukaa Nyuma Yangu

Mpendwa dada mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie haraka kama unaweza, maana nakuandikia nikiwa safarini, nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni, pikipiki iko mbele yangu imejaa vumbi, na mume wangu ametoka bila kuaga.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto na mume wangu ni mwalimu wa kuendesha pikipiki, mji mzima unamwita Mwalimu na hata mimi nimezoea kumwita hivyo, ukisimama kwenye taa za barabarani pale kwetu nusu ya wanaopita na pikipiki wamepita mikononi mwake, mimi nikiwemo, alinifundisha tukiwa wachumba, nikaingia mtaroni nayo na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Tangu tuoane tulikuwa tunasema kwamba kitindamimba wetu akimaliza shule tutapanda ile feri inayosafiri usiku kucha, tuingize pikipiki yetu humo, tuamkie ng'ambo na tuzunguke barabara za milimani bila kumpikia mtu wala kumpigia mtu pasi. Basi mtoto kamaliza, tukafurahi, na kabla hatujafunga mizigo Mwalimu akapanda ngazi sebuleni kubadilisha balbu, akaanguka, kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika vibaya. Kimepona, anatembea, lakini kimekaza na mguu haunyanyuki kwa mbele, na kama hujui mambo ya pikipiki, dada, mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Siku hizi anafundisha kwa mdomo tu, amesimama katikati ya uwanja.

Nikamwambia safari yetu iko palepale, mimi nitaendesha, wewe nitakubeba. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi nimefundisha mji mzima, halafu nikakae nyuma ya mke wangu?" Na kaka yake, shemeji yangu ambaye mdomo wake hauna breki, akaongezea mbele ya wageni, "Usijali mdogo wangu, hata gunia la viazi husafirishwa hivyo hivyo na hufika salama." Mume wangu alicheka kuliko wote, halafu akaenda kulala bila kula.

Mwishowe akakubali kuja kwa sharti moja, kwamba yeye atakuwa abiria wa kawaida, apande na watu wa miguu, na pikipiki niiingize mimi. Nikakubali ili mradi tutoke. Bandarini yeye akashika mstari wa abiria na mimi nikashika mstari wa magari, mbele yangu lori la mitungi ya gesi, nyuma yangu basi dogo linapiga honi, na lile daraja la chuma la kuingilia limelowa linateleza, nikajiambia usitazame maji, tazama mgongo wa lori. Nikaingia. Baharia akaja akapitisha mkanda wa kufungia juu ya kiti cha pikipiki, akaukaza mara moja na kuondoka. Nikawa nimesimama pale sijui ni sawa au si sawa, mara namwona Mwalimu anakuja katikati ya magari anachechemea, hata sijui alipita wapi. Akaufungua mkanda, akaupitisha chini ya usukani, akakandamiza springi za mbele, akakaza kulia, akakaza kushoto, akatia gia ya kwanza kwa mkono, akaitikisa pikipiki na feri nzima nahisi ikatikisika. Baharia akarudi, akapenda alichokiona, akamwuliza, "Mzee, wewe na huyu mama ni nani kwa nani?"

Mume wangu akasema, "Mimi ni abiria tu."

Dada, nimezaa naye watoto watatu. Abiria tu!

Juu tulikaa pamoja kwenye viti virefu, akaninunulia chai, na bahari ilipochafuka hakupata usingizi, akawa anainuka kwenda kujaribu ule mlango wa kushukia kwenye magari ambao hufungwa feri ikiwa inatembea, akirudi ananiambia, "Nataka tu kujua kama imesimama vizuri." Asubuhi nikatoka na pikipiki, yeye akatoka kwa miguu, tukakutana hapa kwenye nyumba ya wageni kama watu waliopeana miadi.

Tangu hapo kila siku ni hivyo hivyo. Asubuhi namwambia twende, anasema nenda wewe, mimi nasoma gazeti. Naenda peke yangu. Jioni nikirudi namkuta barazani ananisubiri, ananihoji, "Ile kona kali ulishusha gia kabla ya kuingia au ulipokuwa ndani?" Namsimulia, anacheka, ananisahihisha, tunaongea mpaka chakula kinapoa, na kwa saa hizo ninaye mume wangu wa zamani. Jana nikitafuta sabuni kwenye begi lake nimekuta helmeti yake, kaifunga ndani ya fulana. Nikairudisha kama ilivyokuwa. Na leo nimefika mahali barabara inapokata ukingo wa mlima, chini kuna bonde lote la kijani na mto unang'aa, nikajikuta nimetamka kwa sauti, "Ona!" Hakuna mtu. Nikasimamisha pikipiki nikalia kama mtoto. Niliporudi nilikuwa na hasira, nikamwambia kama wewe ni abiria tu basi na mimi ni dereva tu, tafuta mke mwingine. Akavaa viatu akaondoka.

Mdogo wangu nimempigia simu, ananishauri nimdanganye kwamba breki zinapiga kelele, apande asikilize, eti akishapanda mara moja amekwisha. Zimebaki siku chache turudi. Nimdanganye? Nimlazimishe? Au niache tu, niendelee kuzunguka mwenyewe? Naomba ushauri, nimechoka kusema "ona" na miti.

Muuguzi, safarini

*

Mdogo wangu, marahaba. Jibu hili nimekutumia kwa simu siku ileile, maana likingoja gazeti mtakuwa mmesharudi nyumbani mmenuniana.

Kwanza pole, na hongera. Kupandisha pikipiki kwenye chuma kilicholowa, lori mbele na basi nyuma, si jambo dogo. Sasa tega sikio, maana nitakugombeza.

Kumdanganya, hapana. Unataka kumdanganya mwalimu wa pikipiki kuhusu breki? Utaizungusha mara moja uani na atajua hakuna breki inayolia, na kuanzia hapo hatakuamini hata ukimwambia umemkumbuka. Mdogo wako ana nia njema, lakini mwache apumzike.

La pili ni hili. Soma barua yako tena. Ulimwambia "nitakubeba". Mama wee! Wagonjwa ndio wanaobebwa. Wewe kutwa uko wodini unawanyanyua watoto wa watu, ukafika nyumbani ukamnyanyua na mumeo. Yeye hakukataa pikipiki, alikataa machela. Umempangia safari, umemshinikiza, umemtolea hasira, lakini katika maneno yote hayo sijaona mahali ulipomwambia kwamba unamhitaji.

Neno la "abiria tu" linauma, silitetei, na siku mkiwa mmetulia mwambie lilikuuma. Lakini mdogo wangu, mtu akitamka neno na mikono yake ikafanya jambo jingine, amini mikono. Mwenye kifundo kibovu alipenya katikati ya malori kwenda kukufungia pikipiki. Na hakuna mwanamume anayebeba helmeti usiku kucha baharini ili aje asome gazeti.

Akirudi usianze na malalamiko. Mpe maji ya kunywa. Mwambie lile bonde, mwambie ulilia na kwa nini. Halafu umwombe, sikusema umwamuru, akuandalie pikipiki ya watu wawili: upepo wa matairi, springi za nyuma, vikanyagio. Hiyo ni kazi yake na anaijua kuliko wewe. Kesho tokeni watu wakiwa bado kitandani. Huko hakuna mwanafunzi wake hata mmoja, wala shemeji wa viazi. Anzeni na njia fupi. Kubalianeni kabisa kwamba hatakupigia kelele sikioni. Akitaka upunguze mwendo akuguse bega, basi. Na wewe usigeuke kila mara kumwuliza kama yuko sawa. Yeye si mgonjwa wako.

Akikataa tena, nenda mwenyewe, ona milima yako yote, usimnyime simulizi jioni. Usiache kuendesha ili yeye ajisikie mrefu.

Na wewe Mwalimu, najua atakuonyesha haya. Umewafundisha wote hao ili iwe nini, kama si ili waendeshe? Panda.

*

Wasomaji wangu, kabla ukurasa huu haujakwenda kuchapwa nimepokea ujumbe wake, nauweka hapa kwa ruhusa yake.

"Dada, alirudi amechoka, nikafanya ulivyosema. Akamaliza maji, akaomba spana. Asubuhi akavaa helmeti, akapanda nyuma yangu kwa shida kidogo, nikawasha, nikawa nangoja aseme tayari. Nikamsikia anapapasa kiti huku na huku. Nikadhani kabadili mawazo anataka kushuka. Kumbe maisha yake yote hajawahi kukaa nyuma, wanafunzi ndio walikuwa wanakaa nyuma yake akiwaonyesha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, 'Sasa mimi nashika wapi?' Nikamwambia, 'Nishike mimi.' Akanishika. Tumekwenda mpaka bondeni, na 'ona' zote leo kasema yeye."